Jumba la Prestonfield kama Matini: Uhakiki wa Fani, Maudhui na Ukimya

Sehemu hii inahakiki jumba la Prestonfield, lililoko chini ya kilima cha Arthur's Seat jijini Edinburgh, Uskoti. Jumba hilo lilijengwa kuwa makazi ya ukoo wa Dick, na sasa ni hoteli. Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wamezoea kushikilia kwamba fani haitenganishwi na maudhui. Mtafiti anaitumia kanuni hiyo kulisoma jengo: kuta na dari ni fani, na mahusiano ya watu waliolijenga, waliolimiliki na waliolitumikia ni maudhui. Hoja kuu ni kwamba kugeuzwa kuwa hoteli kumelinusuru jumba, lakini pia kumembadilisha msimulizi wake.

Jina la awali la mahali hapo lilikuwa Priestfield, yaani shamba la kasisi, kwa kuwa ardhi hiyo iliwahi kumilikiwa na watawa. Katika karne ya 17 ilikuwa mali ya Sir James Dick, mfanyabiashara na kiongozi wa baraza la jiji la Edinburgh. Dick alikuwa mfuasi wa Duki wa York, Mkatoliki na nduguye mfalme Charles II, katika jiji lililokuwa na chuki kali dhidi ya Ukatoliki. Januari 1681 nyumba yake iliteketezwa kwa moto, na walioshukiwa ni wanafunzi wa chuo cha jiji. Jumba jipya lilikamilika 1687, na usanifu wake huhusishwa na Sir William Bruce, aliyesanifu upya kasri la Holyroodhouse.

Historia hiyo inabadilisha namna ya kuusoma uso wa jengo. Kuta zake ni nyeupe. Sehemu mbili za mbele zinapanda juu ya paa kwa mikunjo laini, moja ikilingana na nyingine. Mgeni huona utulivu. Mtafiti anaona jibu. Mwenye nyumba aliyechomewa angeweza kurudia mtindo wa zamani wa mabwana wa Uskoti, wa mnara mrefu wenye madirisha madogo. Badala yake alijenga kwa ulinganifu na uwazi, kana kwamba moto haukuwahi kumtisha. Ulinganifu huo, basi, ni kauli ya kisiasa.

Ndani mna dari za lipu zenye nakshi nzito za karne ya 17 na chumba kilichofunikwa ngozi iliyorembwa. Karne ya 19 iliongeza baraza la mbele na banda la farasi la umbo la duara. Baada ya James Thomson kulichukua jumba 2003, vyumba vilipambwa kwa mahameli, rangi nzito na dhahabu. Mapambo hayo yana ustadi, ila yanaziunganisha enzi zote kuwa "zamani" moja. Mgeni asiye na mwongozo hawezi kutambua kipi ni cha 1687 na kipi ni cha miaka ya karibuni.

Mfano ulio wazi zaidi ni mmea wa rubarbu. Sir Alexander Dick, tabibu aliyempokea Benjamin Franklin hapo 1759, alitunukiwa medali ya dhahabu 1774 kwa kustawisha rubarbu, ambayo mzizi wake ulikuwa dawa ya kusafisha tumbo. Leo mkahawa wa hoteli unaitwa Rhubarb. Tiba imekuwa jina la mahali pa kulia chakula. Kumbukumbu imebaki, maana imehama.

Zaidi ya kuhama kwa maana, kuna ukimya. Inasimuliwa kwamba Sir James aliamuru taka za mitaa ya Edinburgh zisombwe na kumwagwa katika mashamba yake, nayo yakanawiri. Jina lake limedumu; majina ya waliozoa taka hizo hayamo katika simulizi ya anasa. Hoteli humkaribisha kila mgeni akae kama bwana wa nyumba, na kwa hiyo humfundisha kuisoma historia kwa macho ya bwana pekee.

Pingamizi moja lina uzito. Katika karne ya 20 Uskoti ilipoteza mamia ya majumba ya aina hii kwa kubomolewa, na jengo lisilo na kipato halidumu. Mtafiti anakubali. Hata hivyo, Prestonfield imo katika daraja A la majengo yanayolindwa kisheria, na ulinzi huo unahusu mawe, lipu na mbao. Hakuna sheria inayolinda simulizi. Kwa hiyo, mhakiki anapaswa kuuliza maswali mawili mbele ya jengo la aina hii: je, limehifadhiwa? Na je, ni sauti ya nani iliyohifadhiwa pamoja nalo? Kwa Prestonfield, jibu la swali la kwanza linaridhisha. La pili bado linadai utafiti.