"Niazime Kalamu": Kosa la Kiingereza au Sarufi ya Kiswahili?

Vitabu vinavyoorodhesha maneno ya Kiingereza yanayotatanisha hutumiwa sana shuleni mwetu. H. W. Fowler, ambaye kitabu chake cha matumizi ya Kiingereza kilitoka mwaka 1926, aliwaandikia watu walioinyonya lugha hiyo pamoja na maziwa ya mama, na hata hivyo alijitaabisha kutoa sababu. Warithi wake wengi wameziacha sababu, wakabakiza safu mbili tu: kosa na sahihi. Makala haya yanadai kwamba upungufu huo ni mkubwa, hasa kwa msomaji wa Afrika Mashariki.

Tuchukue Kapsoya, mtaa wa Eldoret ambamo Wakalenjin, Waluhya, Wakikuyu na wengineo huishi pamoja na Kiswahili huwaunganisha. Mwanafunzi wa hapo akisema "borrow me your pen", orodha humhukumu kuwa hajui tofauti ya "borrow" na "lend". Je, hukumu hiyo ni ya haki?

Kiswahili kina kitenzi kimoja, kuazima, kwa pande zote mbili. "Aliniazima kitabu" maana yake nilipewa. "Aliazima kitabu kwangu" maana yake nilitoa. Tofauti haikupotea: inabebwa na kiambishi cha mtendwa katika sentensi ya kwanza, na kihusishi "kwa" katika ya pili. Kwa upande wa fedha, tunakopa na kukopesha, na hapo mnyambuliko ndio unaotenganisha. Kwa hiyo mwanafunzi wetu anaijua tofauti barabara. Asilojua ni kwamba Kiingereza huiweka katika msamiati, si katika sarufi. Kijerumani nacho hutumia kitenzi kimoja, "leihen", kwa maana zote mbili, wala hakuna anayewaona Wajerumani kuwa wamechanganyikiwa.

Jambo la pili ni zito zaidi. Mtu akiulizwa, "Hukumwona?", naye hakumwona, Mswahili hujibu, "Ndiyo, sikumwona." Anaafiki kauli ya muulizaji. Mwingereza hujibu "no", kwa kuwa jibu lenyewe ni kanushi. Shahidi akiulizwa swali hilo kwa Kiingereza mahakamani, akajibu "yes" peke yake, ataandikwa kuwa alimwona. Kosa la kalamu hugharimu alama. Kosa hili laweza kumgharimu mtu uhuru wake. Ajabu ni kwamba orodha zinazojaza kurasa kwa "its" na "it's", tofauti isiyosikika hata masikioni, huwa kimya juu ya jambo hili.

Yafaa tujihadhari, hata hivyo, tusikibebeshe Kiswahili kila mzigo. "Borrow me" husikika pia Marekani, miongoni mwa watu wasiojua neno la Kiswahili. Tena jina Sisibo, ambalo wenyeji wameuita mji wa Eldoret tangu zamani, lilitokana na tamko la Kiingereza la 64, iliyokuwa namba ya shamba. Aliyegeuza "four" kuwa "bo" si Mswahili, kwani Kiswahili kina /f/. Ni fonolojia ya Kikalenjin, isiyokuwa na sauti hiyo. Makosa yana asili mbalimbali, na kila asili yataka dawa yake.

Haifuati kwamba mwalimu aache kusahihisha. Mtahini hatauliza asili ya kosa, na mtoto anayeachwa bila kusahihishwa amedhulumiwa. Lakini tangu Kiswahili kilipofanywa somo la lazima na la kutahiniwa chini ya mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, walimu wa lugha hizi mbili wamekuwa wakifundisha watoto wale wale bila kushauriana. Mmoja hufundisha kiambishi cha mtendwa asubuhi. Mwingine huadhibu athari zake alasiri.

Kinachohitajika ni kitabu kitakachoanza na sarufi anayoijua mwanafunzi, ndipo kimwonyeshe pale Kiingereza kinapoiacha njia hiyo. Kuandika kitabu hicho ni wajibu wa idara zetu za lugha za Kiafrika, kwa sababu nusu ya maelezo yake imo katika lugha tunazozifundisha sisi.