Wufa ya Sumaku Dhaifu kwenye Ubao Wazi

Eminence Alpha 15A, wufa ya inchi 15 kutoka Kentucky, Marekani, haina sifa za kumvutia mnunuzi wa sabufa. Sumaku yake ni dhaifu kwa koni kubwa namna ile. Koni yenyewe hutembea milimita 3.8 tu kila upande kabla sauti haijaanza kuharibika, na ukiifungia kwenye boksi dogo itavuma ovyo. Hata hivyo, mafundi wa spika za ubao wazi, zisizo na boksi, wameing'ang'ania miaka nenda miaka rudi, wakiiweka chini ya fulrenji ndogo, yaani spika ya masafa yote. Sababu ni ya kihesabu, na hesabu yenyewe ni ya hasara.

Spika ikisukuma hewa mbele, nyuma inaivuta. Boksi huificha sauti hiyo ya nyuma. Bila boksi, wimbi la nyuma huzunguka ukingo wa ubao na kulifuta la mbele. Sauti za juu hazijali sana, mawimbi yake ni mafupi. Besi ndiyo inayoumia. Chukua ubao wa upana wa sentimita 50, spika katikati. Kutoka katikati hadi ukingoni ni sentimita 25, na kwa kuwa sauti huenda mita 343 kwa sekunde, hasara huanza karibu na hezi 230. Kuanzia hapo, kila hezi zikipungua kwa nusu, desibeli 6 zinakwenda. Ukifika hezi 57 umeshapoteza 12. Sakafu na kuta hurudisha kiasi, ila si zote.

Hapo ndipo sumaku dhaifu inapogeuka kuwa neema. Katika karatasi ya vipimo vya spika kuna namba iitwayo Qts, inayoonyesha jinsi koni inavyodhibitiwa: sumaku kali huipunguza, dhaifu huipandisha. Qts ya Alpha 15A ni 1.26. Kwenye mtetemo wake wa asili, hezi 41, namba hiyo huinua sauti kwa desibeli 2 hivi. Wufa ya Qts 0.4, nzuri kabisa kwa boksi, mahali hapohapo ingeshusha 8. Tofauti ni desibeli 10, yaani amplifaya ingehitaji nguvu mara kumi kuifidia. Ndiyo maana nasema wufa ghali ya disko yenye sumaku kama jiwe la kusagia ni chaguo baya kwa kazi hii, muuzaji aseme atakavyo.

Sasa tuje kwenye ndoa yenyewe ya wufa na fulrenji. Alpha hutoa desibeli 97 kwa wati moja, umbali wa mita moja. Wengi wakiiona namba hiyo hutafuta fulrenji ya 96 au 97 ili zifanane, mfano Fostex FE206En, na hapo wanakosea. Ile 97 ni ya masafa ya juu, kabla ubao haujatoza ushuru wake. Kwenye hezi 57 inabaki 85. Qts inarudisha 2 au 3. Unamaliza na kama 87 au 88. Mwenza wa kweli basi ni fulrenji ya desibeli 88 hadi 90, na ikizidi kidogo unaituliza kwa rezista. Besi haipandishwi. Kinachofanyika ni kuyashusha yaliyo juu yake yaifuate.

Kazi hiyo ya kushusha ni ya koili. Kanuni ya vitabuni inasema kwa spika ya ohm 8, krosova, saketi inayogawa sauti kati ya spika mbili, ya hezi 200 inataka koili ya milihenri 6.4. Ifunge uone: besi ya juu inajaa chumba, sauti ya mtangazaji inakuwa kama ya mtu mwenye mafua. Koili inapaswa kuanza kukata mapema zaidi, karibu na hezi 90, ili mteremko wake ulingane na hasara ya ubao na vifutane. Hiyo ni milihenri 12 hadi 14, koili nzito, na bei yake inauma. Ukiongeza kapasita sambamba na wufa, sauti hukatika vizuri zaidi juu ya hezi 200.

Fulrenji nayo ipewe kapasita ya kama mikrofaradi 100 ikiwa ni ya ohm 8. Wapo wanaoiacha bila kitu wakidai kila kifaa kinachafua sauti. Sikubaliani nao, maana koni ya inchi 8 ikilazimishwa kupiga ngoma za hezi 50 hutikisika hadi sauti ya mwimbaji inayumba.

Kisha weka maikrofoni umbali wa mita moja, upime. Geuza nyaya za wufa, chanya iende hasi, upime tena. Pakichimbika shimo refu karibu na hezi 200, rudisha nyaya zilivyokuwa: spika zako zilikuwa zinasukuma pamoja. Pasipochimbika, krosova bado haijakaa sawa.

Siegfried Linkwitz, mwenye jina katika krosova ya Linkwitz-Riley ya 1976, alipita njia nyingine. Alirekebisha hasara ya ubao kwa saketi kabla ya amplifaya na kuipa wufa amplifaya yake. Mwenye uwezo afuate njia hiyo. Lakini kwa vyovyote vile, ubao unataka nafasi ya kama mita moja nyuma yake. Chumba chako kikikulazimisha kuubandika ukutani, usihangaike nao. Nunua spika za boksi.