Star Wars na Maji ya Möhne

Wapenzi wengi wa Star Wars wanaijua habari hii, ila naona tunaipita haraka mno. George Lucas alipokuwa anatengeneza filamu yake ya 1977, kabla picha za vyombo vya anga hazijakamilika, alikusanya vipande vya filamu za zamani za mapigano ya ndege, akaviunganisha, akawapa mafundi wake waone alichotaka. Ndiyo maana vyombo vya akina Luke hulala upande vinapokata kona, kana kwamba kule kwenye nyota kuna hewa ya kuegemea. Ni marubani wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia hao, wamebadilishiwa ndege tu.

Deni kubwa zaidi ni la filamu ya Uingereza, The Dam Busters ya 1955, iliyotokana kwa sehemu na kitabu cha Paul Brickhill cha 1951. Inasimulia usiku wa Mei 16 kuamkia 17, 1943, ndege 19 aina ya Lancaster zilipotumwa kubomoa mabwawa ya Ujerumani. Zilitakiwa kudondosha mabomu zikiwa mita 18 tu juu ya maji, gizani. Taa mbili zilifungwa chini ya ndege, na miale yake ikikutana juu ya maji, basi ndege ipo pale pale inapotakiwa. Katika bwawa la Möhne ziliingia moja moja, mizinga ikizisubiri, na ukuta ukabomoka baada ya bomu la tano.

Sasa mkumbuke Luke. Njia nyembamba, mizinga kila upande, wa kwanza wanauawa kabla ya kufyatua, kiongozi wao anakosa, yeye anapata. Hata mpiga picha mkuu wa Star Wars, Gilbert Taylor, ndiye aliyepiga picha za ujanja wa kamera katika filamu ile ya 1955!

Kukopa sikulaumu, hadithi zote hukopa. Ninachouliza ni kipi kiliachwa nyuma.

The Dam Busters haiishii kwenye shangwe. Ndege 8 hazikurudi na watu 53 walikufa. Tunaonyeshwa vyumba vitupu, kisha kamanda Guy Gibson anakwenda kuwaandikia barua ndugu wa marehemu. Star Wars inaishia kwenye medali na tabasamu, na katika sherehe ile hakuna anayemtaja Biggs, rafiki wa Luke aliyeuawa nyuma yake dakika chache tu zilizopita. Kwa hili, naona filamu ya zamani ina utu zaidi.

Lakini nayo ina upofu wake. Inaonyesha maji yakivamia viwanda, haitupeleki kwa waliozama. Mafuriko ya usiku ule yaliua zaidi ya watu 1,200. Pale Neheim, chini ya bwawa la Möhne, kulikuwa na kambi ya wafanyakazi wa kulazimishwa, wengi wao wanawake walioletwa kutoka Ulaya Mashariki. Yaani waliozama ni mateka wa Hitler mwenyewe.

Mtu atasema: lakini Death Star ilikuwa imeangamiza sayari nzima! Sawa, na hapo ndipo penye hoja yangu. Lucas aliunda shabaha isiyo na bonde chini yake, isiyo na kambi, isiyo na mtu wa kumlilia, ili tushangilie bila kugeuka nyuma. Rubani wa 1943 hakupewa shabaha ya namna hiyo, na wa leo hapewi pia.

Wahenga walisema wapiganapo tembo, ziumiazo nyasi. Mngurumo wa ndege za adui katika Star Wars ulitengenezwa kwa kuchanganya mlio wa tembo na sauti ya gari kwenye barabara yenye maji. Tembo wamo kweli. Nyasi ndizo sizioni.