Vitundu vya Sindano

Giorgio Vasari, aliyeandika maisha ya wasanii wa Italia katika karne ya 16, anamhurumia Raffaellino del Garbo: kijana aliyetumainiwa makubwa, akaishia kuchora michoro ya darizi za mavazi ya kanisani kwa bei ya kutupa. Kwa Vasari, huko ni kuanguka. Mimi namkatalia, na sababu yangu iko Mpunguzi, nje kidogo ya Dodoma mjini.

Huko shangazi yangu alichora vitambaa vya altare. Alitandaza kitambaa, juu yake karatasi ya kaboni, juu kabisa mchoro wake, kisha akaupitia kila mstari kwa kalamu iliyokwisha wino. Florence walitoboa mistari kwa sindano, wakapigapiga juu yake kifuko cha vumbi la mkaa, na kitambaani zikabaki nukta za kuunganisha. Leo vitundu hivyo vinaonekana kama uharibifu. Kumbe ndivyo vinavyotuambia kwamba mchoro ulitumika.

Florence angalau waliacha jina. Darizi za maisha ya Yohane Mbatizaji, zilizotengenezwa kwa ajili ya mavazi ya Misa ya nyumba yao ya ubatizo, zinatajwa kuwa za Antonio del Pollaiuolo, aliyezichora. Waliozishona kwa hariri na dhahabu, miaka nenda rudi, hutajwa kwa sauti ya chini.

Kazi bora ya shangazi ilikuwa mzabibu. Vielelezo alivyopewa vilikuwa na jani nadhifu, pande zote sawasawa, jani ambalo halijawahi kuliona jua la Dodoma. Alilikataa. Lake lilikuwa limetafunwa na mdudu, kama la shambani kwake. Padre akaomba jani zima. Akamchorea, ila akaacha tundu moja dogo karibu na kikonyo. (Hapo ndipo ninapomwona msanii, si kwenye unadhifu wa mistari.)

Alipofariki, kusafisha sanduku lake kuliniangukia mimi. Vitambaa tuligawana. Karatasi zilikuwa zimechanika kwa kukandamizwa. Nikazichoma pamoja na takataka. Nilikuwa tayari na shahada ya sanaa.

Kitambaa cha mzabibu bado hutandikwa kanisani kila Pasaka. Mwaka huu, baada ya Misa, niliinama kulitafuta lile tundu. Mtu amelijaza kwa uzi wa kijani, kijani kisicholingana na jani.