Kiu ya Udongo: Namna ya Kutambua Kipimo Kizuri Kabla ya Kujenga Karatu

Anayenunua kiwanja Karatu huuliza barabara, maji na mandhari. Udongo huukumbuka mwisho, kwa kuwa ule mwekundu wa mjini, ukiacha vumbi lake, hauna makuu. Kazi iko mabondeni, kwenye udongo mweusi wa mbuga: kiangazi hupasuka nyufa za kuingiza mkono, masika huvimba ukainua sakafu na kuchana kuta. Geoffrey Milne, mtaalamu wa kituo cha utafiti cha Amani kule Usambara, alieleza mwaka 1935 kwamba udongo wa mteremko mmoja husomwa pamoja, kuanzia juu hadi bondeni. Kwa hiyo kiwanja cha jirani aliye juu yako kisikutie moyo.

Vipimo vya kawaida vya unyumbufu hukwambia udongo ni wa aina gani. Havikwambii uko katika hali gani leo. Kwa hilo hupimwa mfyonzo, yaani nguvu ambayo udongo unayavuta maji nayo, kwa kilopaskali. Mfyonzo ukiwa mkubwa, udongo una kiu, na maji yakifika ndipo uvimbe unapoanza. Namba hiyo ni ya thamani, ila ni rahisi mno kuiharibu.

Njia ninayoiheshimu kuliko zote ni ya karatasi ya kuchujia, hasa Whatman namba 42, kwa sababu haihitaji mashine ya bei mbaya. Inahitaji mkono mtulivu. Karatasi tatu hubanwa kati ya vipande viwili vya udongo, ile ya katikati ikiwa ndiyo ya kupimwa na mbili za nje zikiikinga isichafuke. Chombo hufungwa kabisa na kuachwa siku 7 au zaidi mahali pasipobadilika joto. Kisha hutazamwa mkono wa fundi: karatasi ishikwe kwa kibanio, si kwa vidole, na itoke kwenye udongo hadi kwenye kikopo chenye kifuniko ndani ya sekunde 3 hadi 5. Ukimwona anaongea na simu huku karatasi iko hewani, jibu limeshaharibika.

Uliza pia mizani. Karatasi yenye kipenyo cha sentimeta 5.5, ikiwa kavu, ina uzito wa gramu 0.2 na kidogo. Kosa la gramu 0.01 tu hubadilisha unyevu wake kwa karibu asilimia 5, na kwa udongo mkavu hilo linatosha kugeuza mfyonzo zaidi ya mara 2. Mizani inayofaa husoma hadi gramu 0.0001. Ya kupimia saruji na kokoto haina kazi hapa.

Wengine watakuletea tensiometa. Ni kifaa kizuri kwa bustani ya vitunguu Mang'ola, lakini hakiwezi kusoma mfyonzo unaozidi kanieneo la hewa. Karatu, mita 1,500 hivi juu ya bahari, hewa inakandamiza kwa takriban kilopaskali 85; ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro ni chini ya 80. Udongo wa mbuga mwezi Oktoba huzidi hapo kwa mbali sana, na kifaa huingiza hewa kikanyamaza.

Kuna jambo la chumvi. Karatasi iliyogusa udongo husoma mvuto wa chembe za udongo peke yake. Iliyoning'inizwa juu yake bila kugusa husoma pamoja na mvuto wa chumvi. Kuelekea Ziwa Eyasi, na popote magadi yalipo, tofauti ya hizo mbili inaweza kuwa kubwa. Ripoti inayotoa namba moja bila kusema ni ipi imekuficha nusu ya habari.

Tarehe ndiyo inayonikera zaidi ikikosekana. Udongo uleule ukichimbwa Aprili utaonekana mpole, kwa kuwa umeshakunywa. Oktoba utaonyesha kiu yake yote. Ripoti nzuri hutaja siku, mvua ya karibuni, na mfyonzo wa kila nusu mita kwenda chini hadi pale kiangazi na masika havitofautiani tena. Hapo ndipo msingi unapopata mahali pa kukaa. Sampuli nayo iwe imefungwa kwa plastiki na nta palepale shimoni, isifike maabarani Arusha ikiwa imekauka ndani ya gunia.

Hofu ya udongo unaovimba si ya kubuni. Charles Lucian aliandika tasnifu nzima, iliyotoka mwaka 2008 katika chuo cha KTH, Stockholm, kuhusu majengo yaliyopasuka kwenye udongo wa aina hii Kibaha.

Ukiletewa ripoti isiyo na tarehe ya kuchimba, kina cha sampuli na aina ya karatasi, irudishe kabla hujalipa.