Mizani ya Jirani

Wazee tunapokutana barazani na mazungumzo yakafika kwenye shule, hachelewi mmoja wetu kusema: "Hisabati waachieni Wakenya." Kauli hiyo nimeisikia tangu nikiwa mwalimu kijana, nami nakiri kwamba niliitumia kama fimbo. Sasa nimestaafu, sina tena wa kumchapa, na naona ni haki niipime kauli yenyewe.

Zamani kupima kulikuwa rahisi, kwa kuwa Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki lilihudumia nchi zote tatu. Tanzania ilijitoa mwaka 1971, ikaunda baraza lake mwaka 1973. Kenya ikaunda la kwake mwaka 1980. Tangu hapo kila mmoja ana mizani yake. Kwetu alama 30 kwa 100 katika kidato cha nne ni D, nayo ni kufaulu. Kenya wana madaraja 12, kuanzia A hadi E. Anayechukua asilimia za huku akazilinganisha na madaraja ya kule anafananisha kilo na lita.

Hata hivyo, upo upimaji uliotumia maswali yaleyale, yaani ule wa SACMEQ, muungano wa wizara za elimu za kusini na mashariki mwa Afrika. Walipimwa wanafunzi wa darasa la sita, wengi wao wakiwa wamefika miaka 13 au kupita, na wastani uliwekwa kuwa 500. Mwaka 2000 Kenya ilipata 563 katika hisabati na Tanzania Bara 522. Mwaka 2007 Kenya ilipata 557, sisi 553. Pengo la alama 41 likawa 4, na hiyo ni baada ya nchi zote mbili kufuta ada za shule za msingi na madarasa kufurika. Wetu walipimwa kwa Kiswahili, wa Kenya kwa Kiingereza.

Basi msomaji ataniuliza: ikiwa ni hivyo, mbona mwaka 2022, katika kila watahiniwa watano wa kidato cha nne, mmoja tu hivi ndiye aliyefaulu Hisabati? Si watoto walewale, lakini njia waliyopita ni ileile. Sehemu ya jibu niliiona kwa macho yangu.

Nilikwenda kumkagua mwanachuo wangu aliyekuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, katika sekondari moja karibu na mpaka. Kidato cha kwanza walipewa swali la uwiano: magunia ya mahindi, bei, na fedha za nchi mbili. Darasa zima kimya. Badala ya kutulia kama mkaguzi, nikasimama: "Wenzenu ng'ambo ya mpaka wangekuwa wamekwisha maliza." Binti mmoja akanyoosha mkono. "Mwalimu, hao tunauziana nao mahindi kila siku ya soko. Swali linataka nini?" Nikalieleza kwa Kiswahili. Akalipata kichwani, kabla mwanachuo hajageukia ubao.

Nilikaa. Sikumwomba radhi, na jambo hilo linanisumbua hadi leo.

Kwa utaratibu wa Kenya, mtoto huanza kufundishwa kwa Kiingereza darasa la nne. Anapofika sekondari amekwisha kizoea, hata kama hakipendi. Wetu wa shule za kawaida hugeuziwa lugha akiwa kidato cha kwanza, wakati uleule aljebra inapokolea. Aliyejua kiasi na asili, KDS na kipeuo cha pili, hujikuta hajui hata jina la kitu alichokwisha kukijua.

Sisemi lugha ni kila kitu. Walimu wa hisabati ni haba, na wa ng'ambo nao hulalamika juu ya watoto wao. Tena vyuo vyetu, changu kikiwamo, vilipeleka shule za msingi walimu ambao wenyewe waliliogopa somo hilo, nasi tukatia sahihi vyeti vyao. Lakini lawama tumekuwa tukimpa mtoto, aliye mdogo kuliko wote katika shauri hili.

Kwa hiyo kauli ile ikitolewa tena barazani, mimi nitauliza kwanza: walipimwa darasa gani, na kwa lugha ipi? Ndivyo nilivyopaswa kuuliza siku ile, kabla ya kusimama.