Bajeti ya Halmashauri na Mtoto Mkosaji

Siasa ya Chama hupimwa kwa vitendo, na vitendo vya serikali huonekana kwanza katika bajeti. Kwa kipimo hicho hatuna budi kujikosoa kuhusu mtoto anayeingia katika uhalifu. Tumemtungia sheria nzuri, lakini hatujaipa sheria hiyo fungu linalolingana nayo.

Sheria ya Mtoto Na. 21 ya 2009 ilifuta sheria ya kikoloni ya 1937. Inakataza aliye chini ya miaka 18 kuhukumiwa kifungo. Imeanzisha Mahakama ya Watoto, inamtaka ofisa wa ustawi wa jamii awepo shauri linaposikilizwa, na imezikabidhi serikali za mitaa wajibu wa kumlinda mtoto. Hayo ni maendeleo. Lakini ofisa huyo ni mshahara, nauli na posho. Akikosa nauli, shauri huahirishwa na mtoto hubaki rumande. Mwaka 2011 Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ilikagua magereza na mahabusu, ikakuta watoto wamechanganywa na watu wazima. Humo mtoto aliyeiba kuku hufundishwa kuvunja duka.

Anayesema watoto hawa wameharibiwa na malezi ya mama zao anatazama jani na kuuacha mzizi. Hapa katika nyanda kame za kati, mvua ikikatika mapema mtama na uwele hukauka. Mtoto wa Bahi au Chamwino huacha shule, huchunga ng'ombe wa mtu mwingine, kisha hufuata mji. Tangu serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, mji umekua haraka. Mtoto huyo hukutana na utajiri ambao hana njia halali ya kuufikia, isipokuwa kubeba mizigo sokoni na kuokota chuma chakavu. Huo ni mgongano wa kiuchumi, wala hautatuliwi kwa pingu.

Wengine watajibu kwamba fedha za vijana zipo. Ni kweli, tangu 2018 sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa 2023, ikarejeshwa 2024. Lakini kijana wa mikopo hiyo huanzia miaka 18. Mwenye miaka 14, ambaye ndiye yuko ukingoni, hamo. Tunasubiri akue, na kabla hajakua ameshafika mahakamani.

Wengine watasema nchi ni maskini. Je, rumande ni bure? Tukumbuke Nguvu Kazi ya 1983. Waliosemwa kuwa wazururaji walikamatwa na kupelekwa vijijini. Wengi walirudi mijini, kwa sababu hali iliyowafukuza vijijini haikubadilika. Mpango wa kumrekebisha mtoto akiwa nyumbani kwao, ulioanza Temeke mwaka 2012, ulikuwa njia sahihi. Lakini ulitegemea msaada wa UNICEF, na kazi inayotegemea mfuko wa mgeni hudumu kwa matakwa ya mgeni. Katiba ya 1977, ibara ya 9, bado inataja Ujamaa na Kujitegemea. Maneno hayo yanahusu fungu hili pia.

Basi wajibu wa kada ni huu:

(a) Madiwani wa Chama wadai fungu la ustawi wa jamii litajwe peke yake katika bajeti ya halmashauri, na waulize kila robo mwaka kiasi kilichotolewa, si kilichoandikwa.

(b) Matawi yawatambue watoto walioacha shule kabla polisi hawajawatambua.

(c) Chipukizi isiwe gwaride la sikukuu tu. Iwe mahali pa kujifunza kazi na nidhamu.

Mwalimu alituandikia "Tujisahihishe" mwaka 1962. Kujisahihisha kwetu hapa kutaonekana katika tarakimu za bajeti ijayo.